Dumu Linapiga Kelele Mbele, Linanong'ona Nyuma: Tunahakiki Lebo ya Oili ya Injini

Hapa huwa tunahakiki vitabu, vipindi na matangazo yanayodai kusimama juu ya sayansi. Leo nimeleta kitu ambacho wengi hatukihesabu hata kama maandishi: lebo ya dumu la oili ya injini. Najua, najua. Ila nivumilieni kidogo, maana lebo hii nusura impotezee bamdogo wangu waranti ya gari lililokula akiba yake ya miaka mingi. Na nilipokaa kuisoma vizuri, niligundua kwamba ni kati ya maandishi ya kisayansi yaliyopangwa vibaya kuliko yote ambayo mtu wa kawaida hukutana nayo.

Kisa chenyewe ni hiki. Bamdogo anaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na kazi yake ni kuendesha malori ya masafa marefu. Mwaka juzi yeye na mamdogo walinunua gari-nyumba. Kwa ambaye hajaliona, ni gari la ukubwa wa basi, ndani lina kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Wastaafu wengi wa kule hulitumia kukimbia baridi kwenda majimbo ya kusini, na wao walikuwa wanajiandaa kwa maisha hayo. La kwao lina injini kubwa ya petroli, V8, na lilikuja na waranti ya miaka kadhaa.

Baada ya msimu wa kwanza, bamdogo akamwaga oili mwenyewe nyumbani. Akaweka 15W-40, ileile anayoiamini kwenye lori lake la dizeli. Nilipomuuliza kwa simu, akanijibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: "Mwanangu, wewe unasoma vitabu. Hili gari ni tani nane. Hiyo 5W-30 wanayoandika kwenye kitabu ni maji. Oili nzito ndo inalinda injini." Dumu moja lilibaki, akalimimina kwenye jenereta ya gari hilohilo.

Msimu uliofuata injini ikaanza kuvuja oili upande wa mbele. Akalipeleka kwa wakala, na jibu likawa fupi: hukutumia oili yenye jina la kampuni yetu, kwa hiyo waranti imekufa.

Mimi, kama ilivyo kawaida ya damu, nilikuwa upande wake kabla hata sijasikia kesi yote. Nikamwomba anipigie picha vitu vitatu: dumu mbele na nyuma, ukurasa wa oili kwenye kitabu cha gari, na risiti. Nilipoviweka pamoja nikaona kumbe wakala amekosea, na bamdogo naye amekosea, kila mmoja kwa sababu yake. Na lebo haikumsaidia yeyote kati yao kuliona kosa lake.

Upande wa mbele: namba kubwa, maana ndogo

Lebo ya mbele ina vitu vitatu: jina la kampuni, sifa za kujisifu ("ulinzi wa hali ya juu", "nguvu zaidi"), na namba kubwa inayosomeka toka mwisho wa duka. Sifa tuziache, hazipimiki. Namba ndiyo sayansi pekee iliyopo pale mbele, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko kitu kingine chochote.

Namba hizi hutoka kwenye kiwango kiitwacho J300, cha SAE, chama cha wahandisi wa magari chenye makao Marekani. Kinachopimwa ni mnato, yaani ukaidi wa oili kutiririka. Ile herufi W watu hudhani inasimamia uzito. La hasha. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kwa hiyo "5W" inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na "30" inaeleza tabia yake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100.

Aliyekulia Iringa au Njombe atanielewa haraka. Mafuta ya nazi yakiletwa kutoka Tanga yakiwa yanamiminika, asubuhi ya mwezi wa saba unakuta yameganda kwenye chupa. Mafuta ni yaleyale, kilichobadilika ni joto. Oili ya injini nayo huwa nzito kadiri baridi inavyozidi, na namba ya W inasema imehakikishwa hadi baridi ya kiasi gani. Oili ya 15W hupimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi -20, na kama pampu itaweza kuivuta kwenye nyuzi -25. Ya 5W hupimwa kwenye -30 na -35.

Sasa rudi Minnesota. Usiku wa Januari kule unaweza kushuka chini ya nyuzi -25, na Januari ndio mwezi ambao bamdogo na mamdogo walipanga kuwasha gari na kuelekea kusini. Asubuhi kama hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuahidi kwamba 15W-40 itafika juu kwenye valvu kwa wakati. Injini inazunguka kavu kwa muda, na muda huo ndio chuma husagana na chuma.

Lakini nimtendee haki bamdogo, kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Injini ikiwa ya moto na mzigo mkubwa, oili nzito kweli huacha utando mnene zaidi kati ya vyuma. Kiwango hichohicho cha J300 hupima mnato kwenye nyuzi 150 huku oili ikikamuliwa kwa kasi: 5W-30 inatakiwa ifikie angalau 2.9, wakati 15W-40 inatakiwa ifikie angalau 3.7. Tofauti hiyo si ndogo. Tena ni kweli kwamba watengenezaji wa magari wanazipenda oili nyepesi kwa sababu zinabana mafuta, na serikali zinawabana wao kwenye matumizi ya mafuta. Kwa hiyo namba ya kwenye kitabu ni maelewano kati ya ulinzi, baridi, matumizi ya mafuta, na umbo la injini yenyewe. Injini nyingi za siku hizi zina mitambo inayobadili muda wa kufunguka kwa valvu kwa kusukumwa na shinikizo la oili, kupitia matundu membamba. Mhandisi alipoyapima matundu yale alikuwa na mnato fulani kichwani.

Kosa la lebo liko hapa: inaonyesha namba kama vile ni daraja la ubora, 40 ikiwa kubwa kuliko 30, kama alama za mtihani. Hakuna mahali inapomwambia mnunuzi kwamba mnato si ubora. Oili mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kama chai na kahawa.

Upande wa nyuma: pale ambapo waranti inakaa

Geuza dumu. Maandishi ni madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa, na ndiyo yenye jibu.

Cha kwanza ni herufi za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi ya S huenda na injini za petroli, na ya C na za dizeli. SP ilianza kutumika mwaka 2020, na CK-4 mwishoni mwa mwaka 2016. Dumu la bamdogo lilikuwa na CK-4 peke yake. Yaani oili nzuri kabisa, ya lori.

Tofauti yake na ya petroli iko kwenye kemia. Oili nyingi huwekwa kiungo chenye zinki na fosforasi, ambacho huacha utando wa kulinda vyuma pale utando wa oili yenyewe unapokatika. Fosforasi hiyo ikiungua na kutoka na moshi, huidhoofisha kataliti, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi wa petroli. Ndiyo maana oili za petroli za madaraja mepesi kama 5W-30, zilizo chini ya viwango vya ILSAC, zinawekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, wakati CK-4 inaruhusiwa hadi 0.12. Kwa lori, sawa. Kwa gari la petroli lenye waranti inayogusa hadi mfumo wa moshi, unajitafutia ugomvi.

Ulaya mambo yanageuka upande wa pili. Magari-nyumba mengi ya kule yamejengwa juu ya gari za dizeli kama Fiat Ducato na Mercedes-Benz Sprinter, na za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi yanachomwa yanaisha, ila majivu yanayotokana na viungo vya oili hayachomeki. Yanabaki humo hadi chujio lizibe. Viwango vya ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, vinaruhusu daraja la C3 majivu yasiyozidi asilimia 0.8, wakati A3/B4 linaweza kufika 1.6. Sasa fikiria madumu mawili dukani, yote yameandikwa 5W-30 kwa mbele. Moja ni C3, jingine ni A3/B4. Kwa namba ya mbele ni mapacha, lakini moja litaziba chujio la masizi taratibu, na chujio hilo ni la bei kweli kweli.

Juu ya viwango hivyo, watengenezaji wana namba zao wenyewe: Mercedes-Benz wana 229.51 na 229.52, Volkswagen wana 504 00 na 507 00, Ford wana zinazoanza na WSS-M2C, General Motors wana dexos. Hizi ndizo hutajwa kwenye kitabu cha gari, na hapa ndipo lebo inapocheza na maneno. Nilisoma migongo ya madumu kadhaa na nikakuta vitenzi vitatu vinavyofanana kwa haraka ya jicho:

- *Imeidhinishwa na* mtengenezaji fulani: oili ilipelekwa, ikapimwa, ikakubaliwa na mwenye injini.
- *Inakidhi matakwa ya* kiwango fulani: muuza oili ndiye anayesema hivyo. Huenda ni kweli, lakini ukiulizwa ushahidi, ushahidi ni neno lake.
- *Inapendekezwa kwa magari yanayohitaji* kiwango fulani: hapa hakuna hata anayedai kwamba vipimo vilifanyika. Ni muuzaji anakushauri.

Mtu aliyesoma fasihi angeiita hii kazi ya vitenzi. Mimi wa mitambo naiita mtego. Vitenzi vitatu, uzito tofauti kabisa, na vyote vimepangwa kwenye orodha moja, kwa herufi za ukubwa mmoja. Afadhali alama ya duara ya API: ni leseni, na anayetaka anaweza kuitafuta oili hiyo kwenye orodha ya API ya wenye leseni, iliyo wazi kwa umma. Mercedes-Benz nao huchapisha orodha ya oili walizoziidhinisha. Hivyo ndivyo maandishi ya kisayansi yanavyotakiwa kuwa: yakuachie njia ya kuhakiki bila kumtegemea anayekuuzia.

Kitabu cha gari nacho kina lawama

Nisiipige lebo peke yake. Ukurasa wa oili kwenye kitabu cha bamdogo unasema tumia 5W-30 yenye kiwango kadhaa, na unaonya kwamba uharibifu utokanao na oili isiyofaa haumo kwenye waranti. Basi. Hakuna sentensi hata moja inayosema kwa nini. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye injini, na kitabu kinamwamuru kama mtoto wa chekechea. Kingemwambia mistari mitatu tu, kuhusu baridi, kuhusu matundu ya valvu, kuhusu kataliti, angeelewa kuliko mimi. Amri bila sababu huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na hekima ya kijiweni. "Oili nzito ndo inalinda" ni hekima ya kijiweni iliyokuwa kweli kwenye injini za zamani na nchi za joto, ikasafiri hadi kwenye theluji bila kukaguliwa mpakani.

Jingine ambalo kitabu kinalitaja kwa haraka ni muda. Gari-nyumba hukaa limepaki miezi, kilomita hazipandi, na mwenyewe anaona oili bado mpya. Lakini kila safari fupi huacha maji na petroli kidogo ndani ya oili, na asidi zinazotokana na moto wa injini hula taratibu viungo vilivyowekwa kupambana nazo. Ndiyo maana vitabu huandika kilomita fulani *au* miezi fulani, chochote kitakachotangulia. Bamdogo alihesabu kilomita tu. Na jenereta wala haihesabiwi kwa kilomita, inahesabiwa kwa saa ilizowaka, na ina kitabu chake.

Kichekesho ni kwamba nilipofungua kitabu cha jenereta, nikakuta kinaruhusu 15W-40 kwa majira ya joto. Dumu lilelile lililokuwa kosa kwenye injini, lilikuwa sahihi hatua chache nyuma yake. Hapo bamdogo alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, kisha akasema, "Kwa hiyo oili sio mbaya." Nikamwambia ndiyo baba, oili si mbaya, ila si ya injini hiyo.

Na sheria inasemaje?

Wakala alisema waranti imekufa kwa sababu ya *jina* la oili. Hapo alipotea. Marekani ina sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss. Kwa kawaida inamkataza mtengenezaji kufunga waranti yake kwenye bidhaa ya jina fulani, isipokuwa anaitoa bidhaa hiyo bure, au amepata ruhusa maalumu kutoka tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC. Mwaka 2018 tume hiyo iliyaandikia makampuni sita barua za onyo kuhusu masharti ya aina hiyo. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni namba 461 ya mwaka 2010 na miongozo yake, hautaki waranti ya gari ifungwe kwenye gereji za wakala peke yake kwa matengenezo ya kawaida.

Bamdogo aliposikia hivyo alitaka kuwasha moto. Nikamtuliza, kwa sababu sheria inakupa uhuru wa *jina*, haikupi uhuru wa *kiwango*. Mtengenezaji ana haki ya kusema oili iwe ya mnato huu na kiwango hiki. Ukitoka nje ya hapo, na akaonyesha kwamba kutoka kwako ndiko kulikoleta uharibifu, ana haki ya kukataa. Neno zito hapo ni *kuonyesha*. Kusema haitoshi.

Tukaandika barua fupi, ya adabu. Tukaomba vitu viwili: kukataliwa kwa maandishi, na maelezo ya jinsi 15W-40 ilivyosababisha gasketi ya mbele kuvuja. Maelezo hayakuja. Kilichokuja ni miadi ya matengenezo, na gasketi ikabadilishwa bila malipo.

Ningependa kuishia hapo kwa shangwe, ila siwezi. Kwenye faili la gari imebaki karatasi inayosema kwamba kwa kipindi fulani injini ilitumia oili isiyo ya kiwango chake, na kwamba mwaka mmoja ulipita bila rekodi ya kumwaga oili. Ikitokea valvu au kataliti ikaleta shida kabla waranti haijaisha, karatasi hiyo itasomwa. Mamdogo ananiambia siku hizi bamdogo anaiwasha injini asubuhi huku ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Hukumu

Kama uandishi wa sayansi kwa umma, lebo ya oili naipa alama ya chini. Ukweli wote umo, ila umepangwa kinyume: kisichoamua kimekuzwa, kinachoamua kimefichwa, na vitenzi vimepakwa rangi moja. Kuisoma kwa usalama, inabidi uisome kutoka nyuma kwenda mbele. Anza na kitabu cha *injini hiyo*: kiwango, kisha mnato, kisha muda. Tafuta kiwango hicho mgongoni mwa dumu, na uangalie kitenzi kilichotangulia. Waranti ikiwa bado hai, usiridhike na kingine zaidi ya *imeidhinishwa* au alama ya leseni. Namba kubwa ya mbele iwe ya mwisho kuitazama. Kisha tunza risiti yenye tarehe, na uandike pembeni kilomita zilizosomeka siku hiyo.

Na usidhani hili ni la wenye magari-nyumba tu. Ukinunua pikipiki mpya hapa kwetu, klachi yake kwa kawaida inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingine za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi hiyo iteleze, ndiyo maana kuna viwango vya JASO, MA na MA2, kwa ajili ya pikipiki. Namba ya mbele inaweza kuwa ileile kabisa ya dumu la gari. Vijana wa bodaboda wangapi wamelaumu klachi, kumbe ni dumu?

Bamdogo sasa ana bahasha ndani ya kabati la gari, imejaa risiti na picha za migongo ya madumu. 5W-30 bado anaiita maji. Lakini anaiweka.